Mgao wa Spika za Baba

Vitu vitatu, watoto watatu. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga baba mdogo Dionis siku ya kuondoa matanga ya baba yetu, na wazee wenzake waliojaa sebuleni wakaguna kwa kuridhika kana kwamba amemaliza mgogoro wa mpaka wa shamba. Nathanieli, mtoto wa kwanza, akapewa spika moja. Yoeli, wa pili, akapewa spika nyingine. Mimi Jeni, kitindamimba, nikapewa amplifaya. Mama akaachiwa nyumba, shamba la viazi na ukuta mtupu pale seti hiyo ya muziki ilipokuwa imesimama.

Mimi nilikuwa jikoni, na hilo linanikera mpaka leo. Mwalimu mzima wa shule ya msingi, darasa zima linasimama nikiingia, lakini siku ya kikao cha ukoo kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni na kuchemsha chai ya wazee waliotoka Mdandu. Nilipoingia na birika, mgao ulikuwa umekwisha, na Yoeli alikuwa ameshaikumbatia spika yake anaipima kama itaingia kwenye gari. Nilidhani wanatania.

"Baba mdogo, hicho ni kitu kimoja," nikasema. "Spika zile na amplifaya ile ni kitu kimoja. Haviachanishwi."

"Binti yangu, mimi naona vitatu," akasema, huku ananyoosha kikombe nimmiminie. "Kila kimoja kina sanduku lake."

"Na mama je? Mmemuuliza?"

"Tumemuuliza mara mbili. Ameitikia kwa kichwa."

Ameitikia kwa kichwa! Mama alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa. Wangemuuliza kama wampeleke Liganga kwenye chuma wakamuuze kwa kilo angeitikia kwa kichwa, na tabasamu juu yake. Mama yangu alikuwa hasikii.

Masikio yake yalianza kuisha taratibu, miaka kadhaa nyuma, na yeye na baba wakakata shauri kwamba asijue mtu. Mama alikuwa kiongozi wa wanawake pale usharikani. Hakutaka watu waanze kumpigia kelele kama wanafukuza mbuzi kwenye mahindi. Mwenye sauti nzito akimkaribia na kumtazama usoni, alimsikia. Wengine wote aliwasoma midomo, na pale aliposhindwa kusoma alitabasamu na kuitikia. Wageni wakija, baba alikuwa hodari wa kujibu kabla swali halijamfikia mama. Mimi nilijua kwa sababu nilibaki nyumbani. Kaka zangu waliondoka mapema, na wote wawili wana sauti nzito za kuchimba kisima, kwa hiyo kila walipokuja kusalimia mama aliwajibu vizuri tu. Nilipowaambia, waliniona mzushi.

Baba aliununua ule muziki kwa ajili ya masikio yale. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ambapo maduka ya Makambako, yaliyokuwa na chumvi na viberiti tena kwa bahati, yalijaa ghafla vitu vya Dubai mpaka vikamwagikia barazani. Baba alikuwa mpasua mbao. Alikwenda duka la Zubeiri akagonga masanduku ya spika kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, huku Zubeiri analalamika kwamba anawatia wasiwasi wateja, mpaka akapata mawili yaliyotengenezwa kwa mbao za kweli. Yalinifika kiunoni. Kila sanduku lilikuwa na koni tatu: ile kubwa ya chini, pana kama sinia, ya sauti nzito, ya kati, na kadogo ka juu ka sauti nyembamba. Kisha akachagua amplifaya ambayo kuibeba kutoka kituo cha basi hadi nyumbani ilibidi apumzike njiani.

Kila Jumapili baada ya ibada baba aliweka kanda ya kwaya ya usharika. Mama alivuta kigoda mpaka ubavuni mwa spika, akaweka kiganja juu ya sanduku, akafumba macho. "Naisikia," alikuwa anasema, na baba alijifanya anatafuta kitu dirishani. Wiki nzima mama alikuwa anakisia. Saa ile tu ndiyo alikuwa hakisii.

Na sasa saa ile ilikuwa imegawanywa kwa haki sawa, kipande Njombe mjini, kipande Makambako, na kipande kimekaa sakafuni nyumbani kwetu kimevikwa nailoni.

Jumapili ya kwanza baada ya wageni kuondoka, mama alivaa vizuri, akatoka ibadani, akavuta kigoda, akakiweka palepale pa siku zote. Mbele yake palikuwa na alama ya vumbi ya mraba. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Zitarudi?" akauliza.

Alidhani zimepelekwa kutengenezwa. Kumbe ndicho alichokielewa siku ya kikao! Watu wananyanyua spika wanatoka nazo, yeye anaitikia, akiamini wanampelekea kwa fundi. Nikamwambia zitarudi. Sikuwa na namna nyingine ya kusema.

Nikaazima kwa jirani yetu Fidelia vispika viwili vya redio yake, nikaviunga kwenye amplifaya ya baba kwa uangalifu, maana amplifaya ile ingeweza kuvipasua kwa kukohoa tu. Nikafungulia kidogo, nikaongeza kidogo, mama akainama mpaka shavu likagusa kispika. Halafu akanitazama kwa upole, akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nilizima palepale. Tabasamu lile la wageni sikutaka kupewa mimi.

Nikaenda kwa kaka Nathanieli, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Kaka ana nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma karibu na soko, na mkewe, wifi yangu Brightness, ni bingwa wa kufuma vitambaa. Kwake hakuna kitu kinachokaa uchi. Kochi lina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, na spika ya baba nayo nilikuta imevikwa kitambaa cheupe chenye maua ya pinki, na juu yake limekalishwa televisheni la kutazamia video. Haikuwa imeungwa na waya wowote. Ilikuwa meza.

"Kaka, mama anaihitaji," nikasema.

"Mama hajaniambia."

"Mama hasikii, kaka."

"Jeni, jana tu nilikuwa naye. Nilimwambia mbolea imepanda bei, akanijibu kwamba kila kitu kimepanda. Huyo hasikii?"

"Anakusikia wewe kwa sababu unaunguruma!"

Nathanieli akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Kisha akatoa uamuzi, maana kaka yangu hawezi kunywa hata uji bila kutoa uamuzi. Alisema yeye siyo mtu mbaya, spika ataitoa, lakini lazima Yoeli aitoe ya kwake kwanza. Akiitoa yeye peke yake, itakuwa Yoeli amepata na yeye amekosa, na hilo baba asingelipenda. Haki ni haki. Nilimuuliza kama ana habari kwamba anagombea haki ya stuli ya televisheni. Wifi akaniletea chai na maandazi ili ninyamaze, nikala kwa hasira, nikaondoka.

Jumamosi nikaenda Makambako.

Ukishuka pale njia panda upepo unakupokea kwa kofi, na siku ile pamoja na upepo kulikuwa na kelele. Niliisikia kabla sijavuka barabara. Kaka Yoeli ana hoteli ya chai na supu ambapo madereva wa malori hupumzika, na kwenye baraza la hoteli hiyo, juu ya kreti za soda, spika ya baba ilikuwa inalia. Sisemi inaimba. Ilikuwa inakwaruza, inakoroma, kila mpigo unatoka umechanika kingo, na madereva wanakunywa supu kana kwamba hawana masikio na wao.

Niliingia ndani bila kubisha. Pembeni ya kaunta kulikuwa na kimashine cheusi kinachong'aa, chepesi kiasi kwamba waya wa spika ulikuwa unakivuta, kimeandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu: wati elfu mbili. Kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Punguza!" nikapiga kelele.

"Kamwene, dada!" Yoeli akanisalimia kwa furaha, mikono imejaa mabakuli. "Unasikia mziki huo? Wanausikia mpaka stesheni ya treni!"

"Punguza, unaiua spika!"

Hapo ndipo palipoanza mjadala ambao ukinikumbusha leo naumwa kichwa. Yoeli alicheka. Alisema kimashine kile ni kidogo, spika ni kubwa, sasa kidogo kitaua vipi kikubwa? Angekuwa ameweka amplifaya ya baba, lile jitu, hapo angeogopa, lakini hiki! Madereva nao wakanicheka. Mmoja wa Songea akasema sisimizi hajawahi kumvunja mgongo ng'ombe, wakacheka zaidi.

Na mimi nilikuwa najua. Baba alinieleza mara ngapi, huku ananionyesha jinsi ya kuunga nyaya! Alinieleza kwa msumeno, maana ndio alioufahamu. Ukiweka injini ndogo kwenye msumeno mkubwa ukailazimisha, haikati mbao, inaichoma; ubao unatoka mweusi na unanuka moshi. Amplifaya ndogo ni vilevile. Ikifika mwisho wa nguvu zake haina sauti nyingine ya kutoa, lakini wewe bado umeikaba, kwa hiyo inachotoa sasa ni joto na makapi, na makapi hayo yanakwenda kuchoma koni ndogo, kwa sababu ndizo zenye nyaya nyembamba. Ndiyo maana baba alitafuta amplifaya yenye nguvu kuzidi spika kidogo, isiyotoka jasho, halafu akawa hafungulii zaidi ya nusu. Spika kubwa haziungui kwa kushiba, alikuwa anasema; zinaungua kwa kulishwa uchafu. Nilieleza haya yote nikiwa nimesimama katikati ya hoteli, kwa sauti ya ualimu, mpaka mhudumu akaacha kufuta meza.

"Na hizi wati elfu mbili je?" Yoeli akauliza, akagonga maandishi ya dhahabu.

Nikakigeuza kimashine. Nyuma kulikuwa na kibati chenye maandishi madogo. "Soma hapa. Kinakula wati arobaini kutoka ukutani. Arobaini! Sasa kaka, niambie, kinakula andazi moja halafu kinabeba lori?"

"Waliokitengeneza siyo wajinga."

"Sikusema wao ni wajinga. Wewe ndiye umenunua!"

Akaitwa Zubeiri aamue, kwa kuwa duka lake lipo ng'ambo ya barabara na yeye ndiye aliyeviuza vyote, muziki wa baba na kile kituko. Akaja kanzu inapepea, amekereka kuachishwa mteja.

"Dada yangu, pole na msiba," akaanza. "Mzee Anyisile alikuwa mteja wangu wa kweli, Mungu amrehemu, ingawa aligonga spika zangu kama anatafuta panya ndani."

"Ahsante. Sasa mwambie kaka yangu. Hiki kimashine kinafaa kwa spika ile?"

Zubeiri akatazama huku, akatazama kule. "Mimi nauza anachokitaka mteja. Bwana Yoeli alikuja akasema nipe chenye wati nyingi kwa bei ndogo. Nikampa. Angesema nipe kizuri, ningempa kizuri."

"Wewe si uliniambia kinapita cha mzee!" Yoeli akaruka.

"Nilisema maandishi yake yanapita. Wallahi nilisema maandishi."

Wakaanza kulumbana wao kwa wao, madereva wakagawanyika, huyu kwa Yoeli, huyu kwa Zubeiri, na mimi nasukumana na watu nifike kwenye kitufe. Sikukifikia. Katikati ya kelele ile muziki ulibadilika. Kukwaruza kukaisha ghafla, gitaa likapotea, sauti ya mwimbaji ikazama kama ameingia chini ya blanketi. Kilichobaki ni mdundo tu, mzito na laini.

Yoeli akanyanyua kidole kwa ushindi. "Umeona? Imetulia yenyewe. Ilikuwa inazoea."

Nilitamani kumrushia supu. Nikatoka barazani, nikapiga magoti mbele ya spika ya baba na kuweka sikio kwenye kakoni ka juu. Kimya. Nikaweka kwenye koni ya kati. Kimya, na harufu ya kuungua. Ile kubwa ya chini tu ndiyo ilikuwa inahema. Zubeiri naye akakunja kanzu, akainama, akasikiliza juu, akasikiliza katikati, akainuka taratibu na kujipangusa magoti.

"Zimekwenda mbili," akasema. "Koni za spika hii siku hizi hazipatikani hata Dar."

Yoeli akaja kusikiliza mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ninamjua kaka yangu. Kuomba radhi kwake ni kama kung'olewa jino. Akasema, "Basi ichukue. Mpelekee mama."

Ilipokuwa nzima ilikuwa haki yake. Ilipokufa ikawa ya mama! Nililia njia panda pale mbele za watu, kwa hasira tupu, na upepo ukanijaza vumbi machozini. Zubeiri kwa aibu yake alinitafutia nafasi kwenye lori la shemeji yake Nasiri lililokuwa linapanda Njombe kupakia mbao, akasaidia kuifunga spika kwa kamba mwenyewe, na hakusema neno tena kuhusu maandishi.

Jioni ileile Nathanieli akaja nyumbani kuikagua. Nilikuwa nimeshaiweka mahali pake, juu ya alama yake ya vumbi. Akainama, akasikiliza, akakunja uso, akatoa uamuzi.

"Hii siyo spika. Hili ni sanduku lenye mdundo. Makubaliano yalikuwa Yoeli arudishe spika."

"Nathanieli!" Sikumwita kaka. "Umeona ilivyokuja hapa? Umeona nimefungwa nayo kwenye lori kama gunia la viazi? Na wewe bado unapima nani kapata na nani kakosa? Baba amekufa, spika imekufa, subiri na mama afe ndipo mgawane kigoda chake!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatutazama midomo, mmoja hadi mwingine, na sijui alisoma kiasi gani. Akapita katikati yetu bila kutujali. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka kiganja juu ya sanduku, akasubiri.

Ningefanya nini? Niliunga waya, nikaweka kanda ya kwaya. Nikafungulia kidogo tu, nikijua kinachokuja ni aibu, muziki wa chini ya blanketi, na kwamba mama atanipa lile tabasamu la wageni. Wimbo ulianza na wanaume. Sauti za besi zikatoka kwenye ile koni kubwa, na ndani yake ilikuwamo ya baba, maana baba aliimba besi tangu ujana wake.

Mama akafumba macho. Mabega yake yakashuka. "Naisikia," akasema. "Imepona kabisa."

Machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Nathanieli alimtazama mama, akaitazama spika mbovu, akamtazama mama tena. Alitoka bila kuaga. Nikasema moyoni, aende, akae na stuli yake. Lakini baada ya muda nikasikia mkokoteni unagonga mawe nje, na kaka akaingia kinyumenyume ameikumbatia spika yake, jasho linamtoka, kitambaa cha maua ya pinki bado kimening'inia pembeni.

"Usiseme kitu," akaniambia. Tuliiweka upande wa pili, nikaiunga. Ile ilikuwa nzima, koni zake zote tatu. Nikarudisha kanda mwanzo, na safari hii nikafungulia mpaka nusu, kiwango cha baba.

Sebule ilijaa. Nilikuwa nimesahau ilivyokuwa. Wanaume waliimba ubeti wao, na kioo cha kabati kikatetemeka kama zamani, na Nathanieli akakaa chini sakafuni kama mtoto. Kisha ukaja ubeti wa pili, wa wanawake peke yao, bila besi na bila kinanda, na anayeutangulia ni mimi. Sauti yangu ikatoka kwenye spika ya Nathanieli, safi, kila neno mahali pake, wenzangu wakaidaka, ikapanda mpaka kwenye dari. Hata mimi nilijisikia vizuri, nikatabasamu, nikamgeukia mama nione amefurahi kiasi gani.

Mama alikuwa amefumbua macho. Alikiondoa kiganja, akakirudisha, akakigonga kidogo kwenye sanduku.

"Mbona mmezima?" akauliza.

Mimi naimba kwenye spika, naimba kwa nguvu zangu zote, na mama anatungoja tuwashe.

Nathanieli alisogea kwa magoti mpaka mbele yake. Niliona mdomo wake unatafuta pa kuanzia. Akasema kwa ile sauti yake ya kisima, taratibu, "Hatujazima, mama. Huyo ni Jeni anaimba."

"Jeni?" Mama akaniangalia, akanichunguza uso. "Mbona amefunga mdomo?"

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kaka, mbele ya mama, pale anaponiona vizuri. Nikaufungua mdomo, nikaimba ubeti wangu pamoja na kanda, neno kwa neno, na mama akawa ananitazama midomo mpaka wanaume walipoingia.